Aya za Jana Kwanza

Kila aliyekuja kunitazama aliniuliza swali lile lile: "Wanijua mimi nani?" Nami niliwajua wote. Shangazi kutoka Wete nilimjua. Rafiki niliyesoma naye, ambaye hatukuonana tangu tumalize kidato cha nne, nilimtaja jina lake, la baba yake, na mtaa aliohamia. Wageni wakatoka ukumbini wakihimidi, wakisema akili zangu zimo zote. Mke wangu alinyamaza. Yeye ndiye aliyekuwepo adhuhuri, shangazi aliporudi kuchukua mkoba aliousahau, nami nikamwamkia upya, nikampa pole ya safari na kumuuliza amefika saa ngapi.

Hiyo ndiyo hali niliyotoka nayo hospitali. Ya zamani yalikuwa mahali pake. Jipya halikukaa.

Nasomesha baiolojia katika skuli ya sekondari kusini mwa Pemba, upande wa Mtambile, na msimu wa karafuu ukifika huwa mchumaji kama wenzangu. Mikarafuu aliyotuachia marehemu baba ni ya zamani, mirefu kupita paa la msikiti wa kijiji. Kila mchumaji anaijua sifa mbaya ya mti huu: tawi lake halipindi, linakatika, tena bila ya onyo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ya huku ikasalimika, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimekuwa zikitoka kwetu. Hatari yake nayo tumeirithi pamoja na mashamba.

Siku yenyewe ya kuanguka siikumbuki. Ninayoyasema nimeyasikia kwa mdogo wangu, aliyekuwa mti wa pili. Anasema tawi nililolifungia kamba ndilo lililokatika, nikashuka nalo, na kichwa kikagonga mzizi. Kwangu mimi kuna chai ya usiku wa kuamkia siku ile, kisha kuna dari nyeupe. Baina yake hakuna kitu, wala hakitarudi. Ubongo ulipigwa kabla ya kumaliza kuyahifadhi mambo ya saa zile. Kutoka Chake Chake nikapelekwa Unguja, Hospitali ya Mnazi Mmoja, kwenye kitengo cha upasuaji wa ubongo kilichojengwa kwa msaada wa taasisi ya NED ya Uhispania. Picha ikaonesha michubuko sehemu ya mbele ya ubongo na pembeni, ndani ya usawa wa masikio. Hawakunipasua. Nikarudi Pemba na miguu yangu, nikiwa naonekana mzima kabisa, na huo kuonekana mzima ndio uliokuwa mtihani.

Mtu aliyevunjika mguu watu humpisha. Mimi niliulizwa kwa nini sikununua mafuta ya taa niliyoagizwa. Nilitumwa dukani nikasimama njiani sijui naelekea wapi. Nilikuwa nahadithia jambo, nikamaliza, nikalianza tena, na kwenye nyuso za watu naona kuna kitu, lakini sijui ni nini. Nikawa mwepesi wa hasira. Mwanangu wa kike akabandika karatasi mlangoni: umekula, dawa umemeza, mama amekwenda sokoni. Kijijini wapo waliosema nimepungua, na wapo waliosema mti ule una mwenyewe, aliye humo amekasirika. Mama mkwe akaniletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji. Nilikunywa, na ningeletewa leo ningekunywa tena. Wale waliotaka nipungwe ngoma niliwakatalia kwa sababu moja tu, kelele zilikuwa zikiniumiza kichwa.

Kitu kingine kilichokwenda na mti ni kunusa. Nyuzi za neva ya kunusa hupita katika vitundu vidogo vya mfupa ulio juu ya pua, na kichwa kikitikiswa ghafla huweza kukatika. Msimu wote ule karafuu zilianikwa mlangoni petu juu ya majamvi, na mimi nilizijua kwa macho. Hilo halijarudi, na sina la kulieleza zaidi.

Jioni za msimu nyumba nzima hukaa kuchambua, yaani kutenga karafuu na makonyo yake. Nilikalishwa pamoja na watoto kwa kuwa hakukuwa na kazi nyingine niliyoaminiwa. Unakibana kishada kwenye kiganja, unakisokota, karafuu zinadondoka na konyo linabaki mkononi. Mikono yangu ikaenda mbio kama zamani. Mdogo wangu akaacha kazi akanitazama. "Kaka," akasema, "hukumbuki kama umekula, na hapa watushinda sote. Vipi?"

Jibu nilikuwa nalo, kwa sababu nililisoma nikiwa chuoni Unguja, na lilikuwa la zamani vya kutosha kubaki kichwani. Mwaka 1953 huko Hartford, Marekani, kijana wa miaka 27 aliyesumbuliwa na kifafa alifanyiwa upasuaji na daktari William Scoville, akaondolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, usawa wa masikio, ambamo imo hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku ile Henry Molaison, ambaye dunia ilimjua kwa herufi mbili tu mpaka alipofariki mwaka 2008, hakuweza tena kushika jambo jipya. Mtafiti Brenda Milner alipokuja kumpima ilimbidi ajitambulishe kila mara. Ndipo Milner akampa kazi ya kuchora nyota kwa kuitazama ndani ya kioo, kazi inayochanganya mkono wa mtu yeyote. Siku baada ya siku Molaison akawa bora zaidi, na kila siku akadai hajapata kuiona kazi ile. Mkono una hazina yake na matukio yana yake. Yangu ya mikono ilikuwa salama. Ile nyingine ilikuwa imechubuka, nami nilitofautiana na Molaison kwa jambo moja kubwa: yeye alikatwa, mimi nilibakishiwa.

Swali likawa nimebakishiwa kiasi gani, na kipimo kilikuja chenyewe siku ya Ijumaa. Nilikaa kusoma Suratul Kahf kwa moyo kama ilivyo ada yangu. Juzuu Amma niliyoisomea chuo cha Kurani nikiwa mtoto ilikuwa imebaki nzima. Yasin ilikuwepo. Fatiha, nimeambiwa, niliisoma pale hospitali kabla sijajua niko mji gani. Lakini Kahf niliihifadhi ukubwani, si muda mrefu kabla ya kuanguka, na siku ile nilisoma aya ya mwanzo, kisha ulimi ukasimama. Hapakuwa hata na lile la kusema iko ncha ya ulimi. Mfaransa Théodule Ribot aliandika tangu 1881 kwamba ubongo ukiumia, kumbukumbu changa hutangulia kupotea na kongwe hubaki. Kongwe zimeshatawanyika kwenye gamba la juu la ubongo na hazitegemei tena hipokampasi peke yake. Kulijua hilo hakukunizuia kulia.

Ami yangu, ndugu wa baba, ndiye maalim aliyenisomesha ubao. Alipita magharibi ile, nikamwambia Kahf imefutika.

"Imefutika au imefunikwa?" akauliza.

"Sijui, maalim."

"Basi anza upya tuone. Ikija kwa haraka kuliko mara ya kwanza, ilikuwa imefunikwa."

Ami hajasoma baiolojia, na sidhani kama amesikia jina la Eric Kandel. Lakini alichokisema ndicho ambacho maabara ya Kandel, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Marekani na kushiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000, ilikionesha kwa kuhesabu. Kandel alichagua konokono wa baharini asiye na gamba la nje, aitwaye Aplisia, mwenye seli za neva zipatazo 20,000 tu, nyingine kubwa kiasi cha kuonekana kwa jicho. Sisi tunazo zipatazo bilioni 86. Ukimshtua mnyama huyu mkiani, hujifunza kuogopa, na baadaye ukimgusa hata kidogo hujikunyata kwa nguvu. Akishtuliwa mara moja, hukumbuka kwa dakika. Akishtuliwa mara kadhaa kwa kupumzishwa katikati, siku baada ya siku, hukumbuka kwa wiki. Ndani ya zile dakika maungio baina ya seli, sinapsi, yanafanya kazi kwa nguvu zaidi, basi. Ndani ya zile wiki seli imeamrisha protini mpya zitengenezwe na imeotesha maungio mapya.

Craig Bailey na Mary Chen, waliofanya kazi na Kandel, waliyahesabu. Seli moja ya kuhisi ilikuwa na ncha za maungio kama 1,300. Baada ya mafunzo ya muda mrefu zikawa kama 2,700. Mnyama alipoachwa mpaka woga ukamtoka, zikashuka hadi karibu 1,500. Nilikuwa nimeisomesha habari hii kwa miaka bila ya kuitazama ile namba ya mwisho. Mnyama amesahau, lakini hakurudi 1,300. Kuna ziada imebaki ambayo haionekani kwenye tabia yake, na ndiyo inayomfanya akifundishwa tena ashike upesi. Sikuwa na haja ya kujua ubongo wangu una ngapi. Ilinitosha kwamba huenda swali la ami lilikuwa na jibu jema.

Tukaanza. Kanuni za ami zilikuwa zile za chuo, hakulegeza hata moja kwa ajili ya mgonjwa. Aya za jana kwanza, ndipo za leo. Za wiki iliyopita Alhamisi. Msahafu anaushika anayekusikiliza, wewe huutazami mpaka umetafuta kichwani ukakosa, na kutafuta kwenyewe hakuharakishwi. Aya mpya usiku kabla ya kulala, na jambo la kwanza baada ya alfajiri ni kuirudia. Ami alipokuwa hana nafasi, mwanangu alinisikiliza. "Baba, hapo umeruka," alikuwa akisema, kwa sauti ile ile niliyokuwa nikimwambia yeye.

Siku za mwanzo nilisahau hata kwamba tumeanza. Nilioneshwa karatasi mlangoni: leo Kahf, aya ya pili mpaka ya nne. Nikasema sijapata kuzirudia. Nikaanza kuzitafuta, na zikaja, si zote, zikiwa zimechanganyika, lakini zikaja kutoka kwenye somo ambalo ningeapa halikuwahi kufanyika.

Nieleze kinachotokea hapo, maana wanafunzi wangu wakikifahamu huacha kulilia akili za kuzaliwa nazo. Mwaka 1949 Donald Hebb wa Kanada alikisia kwamba seli moja ikishiriki tena na tena kuiamsha nyingine, mawasiliano yao huimarika. Ushahidi ulikuja Oslo. Terje Lømo na Tim Bliss, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1973, walipeleka mfululizo wa haraka wa umeme kwenye hipokampasi ya sungura, wakakuta maungio yale yanajibu kwa nguvu zaidi kwa saa nyingi baadaye. Seli ya kwanza humwaga kemikali iitwayo glutamati. Upande wa pili wapo wapokezi wa aina mbili. Wa aina ya AMPA hupokea na kupitisha ujumbe wa kawaida. Wa aina ya NMDA wana tundu lililozibwa na magnesiamu, na kupokea glutamati peke yake hakutoshi kuwafungua. Ni kama kasha la kikundi chetu cha kuweka na kukopa, lenye kufuli zaidi ya moja na kila ufunguo kwa mtu wake: mmoja asipofika, fedha hazitoki hata akija mwenyekiti. Lazima glutamati iwepo, na lazima seli inayopokea iwe imeamka wakati ule ule, ndipo magnesiamu iondoke na kalsiamu iingie. Kalsiamu ikishaingia, wapokezi zaidi wa AMPA huletwa juu ya ungio, na ujumbe ule ule kesho husikika kwa nguvu zaidi. Jambo likirudiwa kwa nafasi, amri hufika mpaka kwenye kiini cha seli, protini mpya hutengenezwa, na ungio hukua. Hilo huchukua saa, usingizi ukiwemo. Ndiyo maana kusoma aya ile ile mara nyingi usiku mmoja ni kuigongea seli ambayo bado haijamaliza ujenzi wa mara ya kwanza.

Na ule ukali wa ami wa kutonipa msahafu? Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi maandishi. Wengine wakayasoma tena na tena, wengine wakayasoma kisha wakajaribu kuyaandika bila ya kutazama. Baada ya dakika tano waliosoma tena na tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakapinduka, waliojitahini wenyewe wakakumbuka zaidi, kwa tofauti kubwa. Kusoma tena kunampa mtu raha ya kudhani anajua. Kwa mtu mwenye ubongo kama wangu wa siku zile raha hiyo ni sumu, kwa kuwa kila ukurasa uliofunguliwa nilidhani naujua.

Kahf ilirudi. Ilikuja kwa haraka kuliko mara ya kwanza, mke wangu ndiye shahidi. Ami hakusema lolote la kujisifu. Alisema tu, "Ilikuwa imefunikwa, mwanangu," akaomba chai.

Kipindi hicho kila mtu alikuwa na dawa ya ubongo. Karanga, asali, maini ya ng'ombe, na mdogo wangu akaleta pakti ya vidonge vya madini ya chuma kutoka duka la dawa, akisema ubongo unataka damu. Hapo nilimzuia, na si kwa dharau, kwa sababu Pemba yenyewe imeifundisha dunia juu ya vidonge hivi. Kengeja, si mbali na kwetu, watoto wa umri wa miezi 6 hadi 59 walipewa chuma kila siku kwa mwaka mzima katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wengine wakipewa kisicho na dawa bila ya mtu kujua nani kapewa nini. Waliopewa chuma walipiga hatua zaidi katika lugha, na wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu walisonga mbele pia katika kutumia viungo vyao. Ina mantiki: ubongo unaokua unahitaji chuma ili nyuzi zake zipate utando na kemikali zake zitengenezwe. Lakini kisiwa hiki hiki, katika utafiti mkubwa wa watoto zaidi ya 24,000 uliochapishwa mwaka 2006, chuma pamoja na asidi ya foliki vilipotolewa kwa watoto wote bila ya kuchagua, waliougua sana au kufa waliongezeka, na utoaji wa chuma ukasimamishwa Agosti 2003. Malaria ilikuwa nyingi siku zile, na mtoto asiyepungukiwa hakuwa na la kufaidi. Chuma kilekile, kisiwa kilekile. Kwa hiyo nilikwenda kupimwa kwanza. Damu yangu ilikuwa sawa. Vidonge vikarudi dukani, maini nikayala.

Sikurudi kama nilivyokuwa, na wanaonisifu kwamba nimepona kabisa hawajakaa nami siku nzima. Seli zilizokufa zimekufa. Zilizobaki ndizo zilizoshonana upya, na zinachoka. Baada ya adhuhuri maneno hunipotea. Kwenye harusi, watu wengi wakizungumza kwa pamoja, natoka nje. Juu ya mkarafuu sipandi tena. Napima pishi za wachumaji na kuandika hesabu, tena naandika pale pale, siahirishi.

Skuli nimerudi kwa vipindi vya asubuhi, kidato cha pili. Nimebadilisha jambo moja tu. Kila Jumatatu vitabu hufungwa, na kabla ya somo jipya wanafunzi huandika wanachokumbuka cha wiki iliyopita na cha mwezi uliopita. Hakuna alama wala bakora. Mtoto aliyejaa hofu huikumbuka bakora vizuri sana, na somo likapotea. Wazazi wawili walikuja kulalamika kwamba nawapotezea watoto muda kwa mambo yaliyokwishasomeshwa. Niliwaambia wawaulize watoto wao nyumbani, usiku, bila ya daftari. Mmoja alirudi akaniambia amefahamu. Mwingine bado hajafahamu, na tunaamkiana vizuri tu.

Kazi ngumu kwangu ni majina. Wanafunzi ninaowajua tangu wadogo hawanipi tabu. Waliotoka vijiji vya mbali nawarudia kila alfajiri baada ya sala, nikizitafuta sura zao bila ya rejista, kisha naifungua nione nimekosa wapi. Juzi msichana mmoja aliuliza kama na mwalimu naye hutahiniwa. Nikampa rejista, nikasimama mbele ya darasa, nikawataja mmoja mmoja. Nilikosa wachache, karibu wote wa safu ya nyuma, na darasa zima likacheka, kwa kuwa wale wamekaa huko makusudi ili mwalimu asiwajue.